Kiwanda cha vijiko kilichopita kwa mabinti

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu maduka ya familia yanayofungwa mara tu mzee anapofariki. Mwandishi ametoa dawa moja: mzee amkabidhi mapema mwanawe mkubwa wa kiume. Hapo sikubaliani naye, na ushahidi wangu unatoka mbali kidogo, kwa wafua vyombo vya madini ya fedha wa Marekani.

Katika mji wa Taunton, jimbo la Massachusetts, kilikuwapo kiwanda cha Reed & Barton. Kilianza 1824 chini ya wenyewe wengine, kikitengeneza vyombo vya bati lililochanganywa na antimoni na shaba. Wenyewe walipoyumba, Henry Reed na Charles Barton, waliokuwa mafundi humo humo, wakakishika. Vyombo vya fedha vyenyewe vilikuja baadaye. Reed alifariki 1901 na uongozi ukaenda kwa William Dowse, mume wa binti yake. Baada ya Dowse akaja mkwewe, Sinclair Weeks, ambaye pia alikuwa Waziri wa Biashara wa Rais Eisenhower. Mara mbili mfululizo urithi ulipitia kwa binti, ingawa waliokaa kitini walikuwa waume. Zama zenyewe ndizo hizo.

Sasa mtazame mtoto wa kiume ambaye mwandishi wenu angempenda. Jabez Gorham alifungua karakana yake ya vijiko vya fedha katika mji wa Providence, huko huko Marekani, mwaka 1831. Mwanawe John alikuwa na akili ya ajabu: mwaka 1852 alisafiri hadi Uingereza, akaagiza mashine ya kugonga fedha kwa nguvu ya mvuke, na karakana ya baba ikawa kiwanda kikubwa. Lakini miaka ya 1870 John mwenyewe alifilisika, usukani ukashikwa na watu baki. Kampuni ilinusurika; familia ndiyo iliyotoka.

Biashara hii ilihitaji uvumilivu wa vizazi. Kipande cha fedha hugongwa kati ya kalibu mbili za chuma zilizochongwa nakshi kinyumenyume, na kila kifaa, uma, kijiko cha chai, kisu cha siagi, kina kalibu zake. Nakshi ya Reed & Barton iitwayo Francis I, ya mwaka 1907, ina mafungu ya matunda na maua kwenye mipini, na yanatofautiana kifaa hadi kifaa. Piga hesabu ya kazi ya mchongaji hapo! Bibi harusi alichagua nakshi yake, jamaa wakamnunulia kipande kimoja kimoja, na miaka mingi baadaye bado angeweza kuongeza uma uliopungua. Anayetaka faida ya mwezi ujao hawezi kutunza makalibu ya namna hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba hata Reed & Barton nayo ilianguka. Ni kweli, mwaka 2015 iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na jina lake likanunuliwa na kampuni nyingine. Ila sababu hazikuwa ugomvi wa warithi. Vyombo vya chuma kisichoshika kutu ni rahisi na havihitaji kusuguliwa kila sikukuu. Bei ya fedha nayo ilipaa hadi karibu dola 50 kwa aunsi Januari 1980, wakati ndugu wa ukoo wa Hunt wa Texas walipokuwa wakiikusanya, na watu wengi wakapeleka seti za bibi zao kuyeyushwa. Maharusi wa leo hawaombi uma za fedha. Kwa soko la namna hiyo, hata kifungua mimba hodari kuliko wote asingefua dafu.

Kampuni ilikuwa imefikisha miaka 191. Katika makala yenu mmewahoji wafanyabiashara kadhaa, wote wanaume. Safari ijayo mtafuteni walau binti mmoja anayesimamia kaunta ya baba yake. Wapo wengi, na nyakati za asubuhi ndio wanaofungua milango.

Msomaji wenu,
Tanga