Nyumba ya kijijini nayo ipewe punguzo la kodi

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako.

Hapa Uganda mtu wa mshahara akifanya kazi Kampala mara nyingi ana nyumba mbili, ya mjini na ile ya kijijini anayoijenga polepole, mwaka huu mabati, mwaka ujao milango. Hiyo ya pili ndo wanakaa wazazi na ndo waya wa umeme haujafika, jioni wanawasha tadooba, kile kibatari cha mafuta ya taa, mpaka ukuta unakuwa mweusi na watoto wanasoma wakikohoa. Ukitaka kuwafungia sola unatoa kwenye mshahara ambao umeshakatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, na ukipita shilingi 410,000 kwa mwezi kila inayozidi inakatwa 30%. Kwa nini serikali isiturudishie kidogo?

Marekani walifanya. Sheria yao ya 2022 ilipandisha punguzo mpaka 30% ya gharama ya sola, na nyumba ya pili ilikubaliwa kama mwenyewe anaishi humo sehemu ya mwaka. Ila madirisha, milango na vifaa vya kuzuia joto na baridi vilihesabiwa kwa nyumba kuu tu. Mwaka 2025 wakaamua kulifuta, likaisha Desemba 31.

Sisi tusiige hilo la nyumba kuu tu. Nenda Kitgum, kule kaskazini, Januari, nyumba ya mabati bila dari, saa nane mchana hakuna anayekaa ndani, wazee wanaburuta mkeka chini ya mwembe mpaka jua lilale. Dari na madirisha mapana ya kupitisha hewa vinasaidia sana, na havili umeme hata kidogo, sasa hivyo ndo vya kuachwa?

Najua watasema matajiri wenye majumba kando ya ziwa ndo watafaidi. Basi wekeni kiwango cha mwisho, na nyumba ya kupangisha isiingie kabisa. Ushahidi si shida jamani, risiti za EFRIS, zile za kielektroniki za mamlaka ya kodi, zipo na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, anajua nani anakaa wapi. Na wale wa biashara ndogo wasiokatwa PAYE wapunguziwe VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya 18% kwenye vifaa vya dari, la sivyo punguzo litakuwa la wafanyakazi wa ofisini peke yao.

Bajeti inasomwa Juni. Wabunge wetu wa kamati ya fedha, tunaomba mlipeleke hili mapema kabla hesabu hazijafungwa.

Msomaji wako,
Bweyogerere