Utosi mpana si lazima uwe upungufu wa kalsiamu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wa Mtwara na Lindi wenye watoto waliozaliwa na upungufu wa homoni ya thairoidi (tezi ya shingoni), pamoja na wauzaji wenzangu wa dawa.

Utosi wa mtoto huyu huwa mpana na huchelewa kufunga. Jirani akiuona husema mtoto hana kalsiamu, na jioni chupa imeshanunuliwa. Matege, yaani mifupa laini kwa kukosa vitamini D au kalsiamu, nayo huchelewesha utosi, lakini hayo hupimwa, hayakisiwi. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji kalsiamu kama miligramu 200 kwa siku, na maziwa ya mama yanamtosha.

Kalsiamu huishika levothairoksini, dawa inayoziba pengo la homoni hiyo, tumboni, dawa ikatoka na choo. Kipimo cha damu cha TSH, ambacho huwa juu homoni ya thairoidi isipotosha, kinabaki juu, daktari anaongeza dozi. Chupa ya kalsiamu ikiisha, dozi ile kubwa inaingia yote: moyo unakwenda mbio, mtoto halali, na hali ikiendelea mifupa ya kichwa inaweza kuungana mapema. Hili linaniuma, maana linazuilika kwa swali moja dukani: mtoto anatumia dawa gani nyingine?

Dozi ya kuanzia ni mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 3 hupata 30 hadi 45. Saga kidonge kijikoni, changanya na maziwa ya mama au maji kidogo, mpe papo hapo. Usitie kwenye chupa nzima ya maziwa. Akibakiza maziwa amebakiza dawa. Daktari akiandika kalsiamu au madini ya chuma, tenganisha kwa saa nne: dawa saa 12 asubuhi, hivyo vingine kuanzia saa 4. Uji wa lishe wenye soya vivyo hivyo.

Vitamini D haina ugomvi na dawa hii, na yuniti 400 kwa siku zinatosha. Ila soma lebo. Chupa nyingine ina yuniti 400 kwa tone moja, nyingine kwa mililita nzima. Ukikosea unampa mara ishirini au zaidi. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu, na mtoto hutapika, hukataa kunyonya na hupata choo kigumu, na choo kigumu watu hudhani ni tezi ile ya thairoidi.

Aliyekwisha kumpa mtoto dawa hii na kalsiamu pamoja asibadili dozi ya levothairoksini mwenyewe. Abebe chupa zote hadi kliniki anakotibiwa mtoto, iwe hospitali ya Ligula, Sokoine au kwingine, aseme ni lini alianza na alimpa saa ngapi, ili TSH na kalsiamu vipimwe upya.

Mfamasia,
Mtwara