Daktari Aliyeandika kwa Wanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimzungumzie Nawal El Saadawi wa Misri, ambaye wengi humtaja kama mwandishi wa riwaya tu, ilhali kalamu yake ilichota mengi katika udaktari.

Alizaliwa mwaka 1931 katika kijiji cha Kafr Tahla, akakeketwa akiwa na umri wa miaka sita, na baada ya kuhitimu udaktari Chuo Kikuu cha Cairo mwaka 1955 alirudi kijijini hapo kuwatibu wanawake, akakutana tena, safari hii akiwa tabibu, na majeraha aliyoyajua mwilini mwake. Kitabu chake kuhusu wanawake na tendo la ndoa kilimponza, akapoteza kazi Wizara ya Afya mwaka 1972.

Septemba 1981 serikali ya Rais Anwar Sadat ilimtia katika gereza la Qanatir, mahali ambapo kalamu na karatasi vilikuwa marufuku. Aliandika kumbukumbu zake juu ya karatasi za chooni kwa penseli ya wanja, aliyoipata kwa mfungwa mwenzake aliyeshikwa kwa ukahaba. Nani angedhani kipodozi kingetumika hivyo! Alifunguliwa mwishoni mwa mwaka huo, Sadat akiwa ameshauawa.

Alifariki Cairo tarehe 21 Machi 2021, siku ambayo Wamisri huadhimisha Siku ya Mama. Gazeti lako huandika juu ya ukeketaji kila Februari. Naomba mwakani mmtaje na yeye, tena kama daktari.

Msomaji wako,
Morogoro