Kikombe cha mama yako kinabeba kiasi gani?

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Vipi hali, vipi watoto, vipi shemeji na joto la Maskati? Sie huku hatujambo, alhamdulillahi. Saumu inakwenda, futari haijatukosa, umeme ndio kama unavyoujua. Najua umeninunia kwa kimya changu. Na mie nimekununia kwa chako, kwa hiyo tuhesabu tumelipana. Ningekurushia sauti, lakini sauti zangu huzisikilizi mpaka mwisho, na jambo lenyewe lina hesabu ndani yake. Soma kwa kituo.

Nakitafuta kikombe. Kile cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, alichokuwa akipimia unga marehemu mama. Mama Abuu kaniambia ulipohama ulikipakia wewe pamoja na vyombo vingine. Kweli? Kama si kweli usome tu kwa kujifurahisha, maana nitakuwa nimekwisha.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilimpelekea mama mdogo sahani ya biskuti baada ya tarawehe. Zile zile za sukari, za duara, za kukata kwa mdomo wa glasi. Akachukua moja, akaigeuza akaangalia chini kama imeungua (hilo hakuliacha), akamega, akatafuna kwa upande wenye meno. Mie nimesimama tu. Akasema, “Nzuri, mwanangu. Laini. Lakini hizi si za dada.” Kisha akanywa chai yake, na kabla sijaondoka akaongeza kuwa Idi hii anataka za dada. Unamjua akishataka kitu. Tangu siku ile kila mtoto anayetoka kwake ana salamu, na kila salamu ina biskuti ndani.

Sasa, vipimo tunavijua wote, tuliimbishwa tukiwa tumechuchumaa pale uani: unga vikombe vitatu, sukari kimoja, siagi kimoja, yai moja, beking poda kijiko cha chai, vanila, na chumvi ya kubana kwa vidole. Basi. Hamna maziwa, hamna siri. Wifi yangu anasema kikombe chochote kinafaa, ilimradi upimie hicho hicho mwanzo mpaka mwisho. Na kwa kweli alinifunga mdomo, maana ukisikia unaona ana haki: tatu kwa moja kwa moja, kikombe kiwe kidogo kiwe kikubwa, uwiano ni ule ule.

Nikalala nalo. Alfajiri, naosha vyombo vya daku, likanijia: yai! Kuku hatagi kwa kikombe. Yai ni moja tu, gramu hamsini na kidogo bila ganda, liingie kwenye unga wa kikombe cha chai au wa magi la wifi, lile kikombe kikubwa. Ukipimia kikombe kidogo cha mililita 150, unga wako wote ni kama robo kilo tu, yai linauzidi nguvu, donge linanata na biskuti inatoka kama kikeki. Ukipimia magi, unga unapita nusu kilo na yai halionekani lilikopita. Ndizo biskuti za wifi hizo, ukizishika zinapasuka ukingoni na donge lake kulisukuma ni kesi. Na kijiko cha beking poda nacho vile vile, hakikui wala hakipungui. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mama yako pengine alikuwa akibadilisha mayai.” Akibadilisha wapi! Yai moja, alikuwa akitutuma dukani na hela ya yai moja.

Vitabu vya mapishi vya Kimarekani vinahesabu kikombe kuwa mililita 240 hivi. Nimenunua kimizani Darajani nikajaribu kwa hicho: sukari gramu 200, siagi 225 au karibu yake. Unga ndio una vituko. Ukiujaza kwa kijiko taratibu ukasawazisha juu, gramu 120. Ukichota kwa kukizamisha kikombe ndani ya ndoo, unajishindilia, unafika 150. Kwa vikombe vitatu hiyo ni tofauti ya gramu 90, na gramu 90 za unga ni biskuti nyingine kabisa. Mama alikuwa akichota vipi? Mie namuona akipitisha kidole gumba juu ya ukingo, unga wa ziada unarudi ndooni. Lakini kabla ya kidole sioni kitu. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa upande wa ndoo.

Halafu siagi. Tukisema siagi tulikuwa tunasema chochote. Ilikuwa siagi kweli, au samli ile ya kuletewa kutoka shamba? Maana siagi ina mafuta kama asilimia 80 na inayobaki karibu yote ni maji, lakini samli ni mafuta matupu, ndiyo maana biskuti ya samli inavunjika yenyewe mdomoni. Mama mdogo kasema zangu “laini”, na kwa mdomo wake ule sijui ni sifa au ni shutuma. Za kopo za kupaka mkate nimeziacha, nyingine zina maji mengi na biskuti zinatandaa mpaka zinashikana kwenye trei.

Sukari yetu unaijua, chembe kubwa kubwa, kwa hiyo naisaga kwenye blenda kwanza. Hilo sikumuona mama akilifanya, lakini alikuwa akiisugua na siagi kwa mwiko mpaka mkono unamuuma akatupa sisi tumalizie. Nadhani ni kitu kimoja.

Na uzuri wake haya yote nayafanya saa tisa mchana, kinywa kikavu, na kuonja siwezi. Siku nyingine ningelamba kidole nikajua sukari imekaa au haikukaa. Ramadhani kipimo ndicho ulimi wako. Muonjaji wangu ni mjukuu wa jirani, hajaanza kufunga, na kwake kila kitu ni kitamu. Juzi nimemuuliza ipi bora, ya trei ya kwanza au ya pili, akasema hajui, apewe ya tatu. Donge bichi nimemnyang'anya mkononi.

Moto sitaki hata kuuzungumza. Mama alikuwa akipalia, makaa chini machache, juu mengi, na mfuniko akiufunua kwa ncha ya kisu. Mie natumia oveni, nyuzi 180, dakika kumi, nazitoa ukingo umeanza kugeuka rangi na kati bado peupe. Wifi anasimama nyuma yangu, “Hazijaiva hizo, zibonyeze uone.” Hubonyezi! Zinakazana zikipoa. Zake anazingoja zikaze humo humo, ndipo watu wanakwenda nazo kwa daktari wa meno.

Basi nakuomba hivi. Kijaze kikombe maji mpaka ukingoni, uyamimine kwenye chupa ya maziwa ya mtoto, ile yenye alama za mililita, na kama hayaingii yote upime kwa mikupuo ujumlishe. Au kama una mizani, upime kikombe kitupu, kisha kikiwa na maji, ukatoe. Gramu moja ya maji ni mililita moja, hapo hakuna ubishi hata wa wifi. Na usinipigie picha ukaniambia “kama hivi”, picha haipimi.

Kikombe unacho au hukukiona? Kama kina kidonda kwa ndani, kile cha rangi iliyobanduka karibu na mkono, ndicho chenyewe. Na alipokuwa akipima unga, alikuwa akizamisha au akijaza kwa kijiko? Vanila alianza lini, maana mie nakumbuka hiliki, au hiliki ilikuwa ya vileja? Mguu wa shemeji umepona? Yule mdogo keshazoea skuli au bado analilia? Ile kanga ya Mama Abuu ulimpa nani, maana kaniuliza mbele za watu nikajifanya sisikii? Na huko Maskati Idi mnapika wenyewe au mnanunua kwa kilo? Nijibu la kikombe kwanza, mengine yanaweza kungoja. Mama mdogo keshatuma mtoto mwengine, yuko mlangoni sasa hivi, na salamu aliyoishika mkononi ni sahani tupu.

Ni mie shoga yako,
Mama Nuru