Mpwa wangu, kabla hujaenda Basuba kununua asali

Mpwa wangu,

Mamako ameniambia unataka kuvuka Mokowe uende hadi Basuba, kule msitu wa Boni, ununue asali kwa madumu uje kuiuza hapa Amu, mjini Lamu. Ni biashara ya halali. Lakini wajue watu unaowaendea.

Usiwaite Waboni. Sisi tumelizoea jina hilo, wao linawachoma. Wao ni Waaweer, na lugha yao ni jamaa ya Kisomali. Waliishi kwa uta, mishale ya sumu na asali, wakihama hama msituni. Vita vya Shifta miaka ya 1960, vya waliotaka kujitenga na Kenya, vikawasogeza kwenye vijiji vya kando ya barabara, kisha mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji. Nyama ambayo mtu aliigawa kwa jirani zake ikawa kosa la kumpeleka jela. Asali ikabaki.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Mrina asali wa msituni humfuata ndege, mlembe. Ndege hulia, akaruka mti mmoja mbele, akangoja. Mtu humjibu kwa mluzi. Ndege anajua tundu la nyuki lilipo ila hawezi kulipasua, mtu ana shoka. Utafiti uliotolewa mwaka 1989 kuhusu Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya ambao nao humfuata ndege huyo, ulionyesha kwamba mahali wasipopazoea hutafuta nyuki kwa wastani wa saa 8.9 wakiwa peke yao, na saa 3.2 wakiongozwa. Ndege huachiwa kipande cha sega, maana chakula chake ni nta na majana, yaani watoto wa nyuki.

Sasa asali yenyewe. Tazama sega: vijumba vilivyozibwa kwa nta nyeupe vina asali mbivu. Vilivyo wazi bado vina maji mengi, na asali hiyo baada ya wiki chache hutoa povu, dumu likavimba, likanuka pombe. Majana yakikamuliwa humo, inaharibika upesi zaidi. Na mara nyingi kosa ni la mnunuzi: akiharakisha watu, wanakata kila sega, mbivu na mbichi, na nyuki wanahama.

Kwa hiyo nunua masega, usinunue asali iliyokwisha kukamuliwa. Yapondeponde mwenyewe, uiache asali ichuruzike kwenye kitambaa safi usiku kucha. Usiichemshe, inapoteza harufu. Dumu lililokuwa na mafuta ya taa usiliguse, hata ulioshe mara kumi. Makapi yachemshe na maji, uchuje; ikipoa, nta itaganda juu, nayo ina wanunuzi.

Usishindane nao bei. Tangu Operesheni Linda Boni, ya vikosi vya usalama dhidi ya Al-Shabaab, ianze Septemba 2015, kuingia msituni kumekuwa kugumu, na dumu moja lina siku nyingi za miguu ndani yake. Ukifika, wasalimu wazee kwanza. Kisha uliza kila sega limetoka kwenye mzinga wa nani, na pesa uzitie mkononi mwake.

Mjomba wako