Barua ya wazi kwa Mshauri wa Wanafunzi: tunaomba ufunguo wa chumba

Mheshimiwa Mshauri wa Wanafunzi,

Shikamoo Mama. Tangu Machi tumekuandikia mara mbili kwa utaratibu wa ofisi, tukiomba chumba cha kuwahudumia wasichana wanaotumia mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua ngozi, na mara zote mbili tumejibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Jumatatu wiki hii tangazo limebandikwa tena bweni la wasichana, juu kidogo ya bomba la kunawia: "Rangi moja mwili mzima, siku 7. Tunaleta mpaka chumbani." Gundi ilikuwa bado mbichi. Pembeni yake ipo karatasi ya chuo inayokataza biashara bwenini, imefifia hata haisomeki. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Sisi ni wauguzi na wafamasia tunaohudumia wanafunzi hapa Mwanza. Tuseme kwanza kinachouzwa. Kopo ni la siagi, limeoshwa, halina jina la mtengenezaji wala tarehe. Juu kuna kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu, "usiku". Ndani yake ni losheni ya kawaida iliyokorogwa na tyubu za klobetasoli 0.05%, ambayo ni dawa ya pumu ya ngozi, pamoja na krimu yenye haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi. Mikorogo mingine ina zebaki, ile ile wanayokamatia dhahabu wachenjuaji wa Geita.

Klobetasoli hupakwa sehemu yenye ugonjwa tu, isizidi wiki 2 mfululizo wala gramu 50 kwa wiki, na usoni haipakwi. Kupaka mwili mzima mara moja hula gramu 20 hadi 30 za krimu. Msichana anayenunua kopo hilo anapaka mkorogo wake asubuhi na jioni, muhula mzima. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inachomoza mashavuni, michirizi inatokea mapajani na kwapani, vifundo vya vidole vinabaki vyeusi. Fangasi wanaenea chini kwa chini kwa sababu dawa inaficha wekundu na muwasho. Haidrokwinoni ikizoeleka, na jua hili la ziwani, huacha mabaka ya bluu-nyeusi usoni ambayo kuyaondoa ni kazi ngumu mno. Zebaki inakwenda kwenye figo, na kioo hakimwonyeshi hilo.

Lakini Mama, kilichotuumiza zaidi ni kile kikao cha kuwapokea mwaka wa kwanza. Wasichana waliambiwa mbele ya wavulana kwamba kujichubua ni aibu, watupe makopo siku hiyo hiyo. Walio wengi walitii. Baada ya siku chache uso ukavimba, ukawaka kama umemwagiwa pilipili, chunusi zikafumuka. Hakuna aliyewaeleza kuwa hivyo ndivyo ngozi inavyofanya ikikatiwa dawa hii ghafla. Wakarudi kwa muuzaji, maana ndiye anayepokea simu saa 4 usiku.

Kuacha kuna utaratibu wake. Tunauliza amepaka muda gani na sehemu zipi, tunapima presha, tunapima mkojo kuangalia protini. Aliyepaka mwili mzima kwa miezi asikatishe mwenyewe: mwili wake huenda umepunguza kutengeneza homoni yake inayofanana na dawa hii, anaweza kupata kizunguzungu, kutapika, hata kuanguka. Huyo ni wa daktari. Wengine wanashushwa hadi haidrokotisoni 1%, dawa ya jamii hiyo hiyo iliyo dhaifu zaidi, mara moja kwa siku, kisha siku moja ndiyo siku moja hapana, kwa wiki kadhaa, huku wakipaka mafuta yasiyo na manukato na kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi. Na kila wiki anahitaji mtu wa kumwambia kuwa moto ule utapita. Akikosa mtu huyo, wiki ya pili anarudi kwenye kopo.

Wasichana hawa si wajinga. Baadhi yao wanasoma kemia. Tunavyoona sisi, wanajifunza thamani ya rangi hapo hapo chuoni. Kwenye mahafali, wanaochaguliwa kupokea wageni ni weupe. Kwenye sherehe, mshereheshaji anamwita binti "mkaa" na ukumbi mzima unacheka, walimu wakiwemo. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, makopo yanauzwa. Siku hizi vimeongezeka vidonge vya kunenepesha makalio, na baadhi ya vidonge vya aina hiyo vina siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula, na deksamethasoni, dawa ya jamii ya klobetasoli: binti anasinzia darasani, uso unavimba, sukari inapanda.

Tangazo liondolewe, na washereheshaji waambiwe. Ila ombi letu ni moja, lile lile la Machi: chumba kimoja, kila Jumatano, saa 9 hadi saa 11 jioni, chenye mlango usiopita mbele ya ofisi. Mashine ya presha tutakuja nayo, na vipimo vya mkojo pia. Ulisema mwenyewe kuwa chumba kipo, kilichobaki ni ufunguo.

Mama, tunaomba huo ufunguo kabla ya Jumatano ijayo.

Wako katika huduma,
Wauguzi na wafamasia, Mwanza