Barua kutoka Vienna: mwongozaji mgeni shimoni

Vienna, Septemba

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika, na salamu za bibi nimezipokea. Msimu wa opera ndio kwanza umefunguliwa, kwa hiyo swali lako limekuja wakati wake: Gustav Mahler, mtunzi na mwongozaji wa okestra, aliwezaje kuishika okestra ngeni ya hapa huku anaandika simfoni zake, na mwongozaji wa leo akihamia jumba jipya huanzia wapi? (Nasema mwongozaji makusudi. Nikiandika kondakta, mama yako atadhani nazungumzia daladala.)

Majumba makubwa ya Austria na Ujerumani hayang'ang'anii onyesho moja mwezi mzima. Leo Mozart, kesho Verdi, keshokutwa Wagner. Opera iliyozoeleka inaweza kurudi jukwaani bila okestra kukaa mazoezini hata mara moja. Mahler alipoanza hapa, tarehe 11 Mei 1897, aliongoza Lohengrin, opera ya Wagner, baada ya zoezi moja tu la okestra. Basi mgeni hana nafasi ya kufundisha kila kitu upya. Aanze kwa kusoma yale ambayo jumba linayajua tayari, na mengi yake yameandikwa kwa penseli kwenye karatasi za wapigaji.

Hapo ndipo wengi huumia. Mtu anakuja na kitabu chake cha nota alichokizoea, anasema "tuanze herufi G", yaani alama ya mahali pa kuanzia, kumbe karatasi zao hazina herufi, zina namba. Au anapiga mbele wakati nusu ya okestra imeruka kurasa mbili, kwa sababu kipande hicho hukatwa katika jumba hilo tangu zamani. Alama ya kukata ni neno limegawanywa: "vi" pale unaporukia, "de" pale unapotua. Dawa ni kwenda kwa mtunza nota siku kadhaa kabla na kulinganisha kitabu chako na karatasi ya violini ya kwanza, ukurasa kwa ukurasa: toleo, vipande vilivyokatwa, na alama za upinde wa violini kushuka na kupanda. Mahler alivirudisha vipande vya Wagner vilivyokuwa vikikatwa. Uamuzi ni wa dakika moja, lakini kila karatasi lazima ifutwe. Ikisahauliwa ya mpiga honi (pembe ya shaba) wa tatu tu, huyo ataruka peke yake mbele ya watu. Ndiyo maana huandikwa kwa penseli laini, si kalamu ya wino.

Kuna mtego wa lugha pia, na wewe uliyelelewa na do-re-mi utacheka. Kwa Wajerumani, si ya kawaida huitwa H. B kwao ni si iliyoshushwa nusu. Mgeni aliyesoma kwa Kiingereza akisahihisha "B" anapigiwa nota nyingine kabisa, anarudia, anapigiwa ileile, na sura za watu zinaanza kubadilika.

Halafu kijiti cha mwongozaji. Okestra nyingi za huku hutoa sauti nyuma kidogo ya kijiti: mkono umeshafika chini, sauti ndiyo inafuata. Aliyezoea sauti itoke papo hapo husubiri aisikie ndipo aende pigo linalofuata. Wapigaji nao wanamsubiri yeye, na mwendo unazama kama mtumbwi uliotoboka. Asisubiri. Mkono uendelee na mwendo wake, waachiwe wapigaji waukalie.

Umbali nao una hesabu yake. Sauti huenda kama mita 343 kwa sekunde. Kwaya ikisimama mita 20 nyuma ya shimo, yaani pale chini mbele ya jukwaa okestra inapokaa, inaisikia okestra imechelewa kama sekunde 0.06. Ikiimba kwa kufuata sikio, sauti yake nayo inachukua sekunde 0.06 kurudi kwa mwongozaji: jumla 0.12. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni karibu robo nzima ya pigo. Wanakwaya hawajakosea, ila wanasikika wazito. Kwa hiyo huambiwa waimbe kwa macho, na skrini zenye picha ya mwongozaji huwekwa pembeni mwa jukwaa. Skrini bapa zilipoingia zilileta balaa jipya, kwani nyingine huchelewesha picha. Mafundi wakang'ang'ania televisheni za chogo miaka mingi, na si kwa ubahili.

Na usimwamini mwongozaji kuhusu uwiano wa sauti. Pale alipo, tarumbeta zinampasua masikio na mwimbaji hasikiki vizuri, wakati ukumbini mambo yako sawa. Mgeni mwenye busara humwachia msaidizi kijiti dakika kumi, akaenda kukaa safu ya kumi na tano, kisha ghorofani.

Sasa utunzi. Mahler aliyatenga mambo mawili: kiangazi, jumba likifungwa, alitunga, msimu ukirudi aliongoza, na muda ulioponyoka aliutumia kunakili na kusahihisha yaliyoandikwa likizoni. Kuanzia 1900 hadi 1907 alikuwa na kijumba cha kutungia msituni kule Maiernigg, kando ya ziwa Wörthersee. Sikushauri umwige kwa ukali wake, ila kwa kalenda yake mwige. Anayedhani atatunga kati ya zoezi la saa nne asubuhi na onyesho la jioni, hatavuka ukurasa wa pili.

Ukitungia waimbaji wa opera, nota za sauti na piano zitangulie, maana waimbaji hujifunza kwa piano na lazima wakariri. Karatasi za okestra zifuate, na hapo angalia mwisho wa kila ukurasa. Violini hukaa wawili kwa stendi moja. Mmoja akigeuza, nusu ya sauti imepotea. Weka kimya mwisho wa ukurasa wa kulia, hata kama itabidi uache mistari miwili mitupu.

Ile kazi yako ya Pasaka niliyoiona ina kosa hilo ukurasa wa tatu na wa saba. Ipange upya kabla hujatoa kopi. Penseli nimezitia kwenye furushi la mama yako, pamoja na vifutio.

Msalimie bibi sana.

Mjomba wako